Bampa la gari la Mzee

Kikundi: Ukoo wa Bombo
Jumamosi

Kaka Mkubwa, 07:12
Assalaam alaykum ukoo. Leo naanza bampa jipya la Land Cruiser ya Mzee. Chuma kilifika uani jana jioni, nusu karatasi ya mm 4 na vipande vya mm 10. Shemeji Fundi, ukipata nafasi tazama picha kabla sijawasha grenda.
[Picha]

Shangazi Hajati, 07:15
Waalaykum salaam mwanangu. Bampa tena? Si mwaka jana tu lilitengenezwa lingine?

Kaka Mkubwa, 07:23
Lile ndilo lililong'oka, shangazi. Sikuwaeleza yote wakati ule kwa sababu Mama alikuwa mgonjwa. Tulinasa njia ya Kaabong, kule Karamoja, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikishanyesha haukanyagiki. Lori likaja kutuvuta, tukafunga waya kwenye ndoano ya bampa. Lilivuta mara moja tu. Gari halikusogea hata shubiri, bampa ndilo likaondoka. Likaruka na waya wake likapiga bodi ya lori, kiasi cha shubiri mbili kutoka pale taniboi alipokuwa ameshika. Kijana mdogo, labda miaka 18. Alikaa chini kwenye tope na hakusema neno mpaka tulipompa maji. Hadi leo nikilala naviona vile vidole vyake.

Shangazi Hajati, 07:26
Ya Rabi. Na ukanyamaza mwaka mzima.

Kaka Mkubwa, 07:27
Nisamehe shangazi.

Mjomba wa Arua, 07:34
Pole sana mjomba. Hicho chuma walikuwekea chembamba. Safari hii weka mm 8 kila mahali, umalize maneno.

Shemeji Fundi, 07:51
Shikamoo mjomba. Kwa heshima zako, hapo naomba tuelewane. Lile bampa nililiona lilipoletwa. Mwili wake ulikuwa mzima, hata kupinda halikupinda. Kilichoachia ni mahali liliposhikwa. Karakana ile ilichomelea ndoano juu ya bati la mbele, basi, nyuma yake hakuna kitu. Na bampa lenyewe likaning'inizwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, kwa bolti nne laini. Lori linapovuta, halivuti unene wa bati. Linavuta zile bolti nne.
Halafu kuna uzito. Chuma cha mm 4 kina kilo 31 na kidogo kwa mita moja ya mraba. Cha mm 8 ni karibu kilo 63. Bampa hili litakula kama mita moja na nusu. Kwa mm 4 ni kilo 47, kwa mm 8 ni kilo 94, zote ziko mbele ya tairi, na shemeji anataka kuongeza winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya. Springi za mbele zitalala, gari liiname pua, na akifika kwenye korongo bampa ndilo la kwanza kugusa ukingo.

Mjomba wa Arua, 07:55
Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi unene uwekwe wapi?

Shemeji Fundi, 07:58
Kwenye mabamba mawili yanayoshika chesisi. Hayo ndiyo ya mm 10. Tutaanza nayo, uso wa bampa utakuja mwisho kabisa. Na chesisi yenyewe hatuichomelei hata nukta moja, tunatumia matundu yaliyotoka nayo kiwandani.

Dogo, 08:40
Kaka yuko chini ya gari, ameniambia niandike mimi. Shemeji, tumepima matundu. Ya kulia na ya kushoto hayalingani, kuna tofauti ya mm 6.

Shemeji Fundi, 08:44
Gari la mwaka 1993 hilo, limeshagongwa na kunyooshwa. Usikate la kulia ukaligeuza kuwa la kushoto. Chukua katoni, kata mfano wa kila upande peke yake, uandike jina kwa kalamu. Katoni ikikaa sawa ndipo chuma kikatwe.

Dogo, 09:30
[Picha]
Katoni ya sabuni. Ya kulia imekaa, ya kushoto tumerudia mara tatu.

Shemeji Fundi, 09:33
Mara tatu si nyingi. Katoni ni bure, chuma kinalipiwa.
Bolti zimeandikwaje kichwani?

Dogo, 09:36
Tatu zina 8.8. Zingine hazina maandishi.

Shemeji Fundi, 09:41
Zisizo na maandishi rudisha dukani. Hiyo 8 ya kwanza maana yake bolti haikatiki mpaka ivutwe na nguvu ya nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na .8 maana yake inaanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Isiyoandikwa hujui itaachia lini. Chukua za mm 12, zote 8.8, na washa nene.
Sasa masikio ya kuvutia, yaani pale waya utakapofungwa, hapa nataka kaka atoke chini ya gari asome mwenyewe. Uso wa bampa utobolewe mwanya. Sikio litoke kwenye bamba la chesisi, lipite katika ule mwanya lije mbele, na lichomelewe kwenye bamba pande zote mbili. Hata bati lote la mbele lingechanika, sikio libaki na chesisi. Ndoano ya kuchomelea usoni sitaki kuiona.

Kaka Mkubwa, 10:02
Nimesoma mara mbili. Naona hasa pale walipokosea.

Kaka Mkubwa, 11:20
Umeme umekatika.

Kaka Mkubwa, 15:08
Umerudi. Tunaanza kuchomelea.

Shemeji Fundi, 15:10
Betri umetoa waya? Toa, alteneta isiungue. Waya wa ardhi wa mashine ubane karibu na pale unapochoma. Shika kwa nukta kila mahali kwanza, ukijaribisha kwenye gari. Ikikaa, shusha chini, choma vipande vifupi, huku sentimita tano, kisha upande wa pili. Ukichoma mstari mzima kwa mkupuo, joto litalipinda bampa kama upinde.
Kwa masikio tumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018, na viwe vikavu. Vikinyonya unyevu wa mvua hii, mshono utapasuka ndani bila wewe kuona. Uso wa mbele 6013 vinatosha.

Dogo, 17:25
[Picha]
Huu mshono wa sikio la kushoto. Ganda limejikunja lenyewe, sikuligonga hata kidogo, chini yake kuna mawimbi madogomadogo yamelaliana kama magamba ya ngege.

Shemeji Fundi, 17:29
Maashaallah. Huo ndio mshono. Ni wako au wa kaka?

Dogo, 17:30
Wangu.

Mjomba wa Arua, 17:41
Dogo, hongera sana. Baba yako angefurahi.

Shangazi Hajati, 18:05
Nimesoma yote tangu asubuhi. Mnasema kuhusu lori na tope. Mimi nafikiria watoto wanaovuka hapa Bombo wakienda shule. Hizo kona za chuma zitawafanya nini?

Kaka Mkubwa, 18:12
Shangazi, ni kweli, hilo sikulifikiria vya kutosha. Kwenye mchoro kuna bomba limetokeza pande zote mbili. Shemeji?

Shemeji Fundi, 18:16
Toa bomba. Linapendeza tu, kazi haina. Kona zikate ziinuke kuelekea tairi, hapo hata gari litapanda kingo vizuri zaidi. Kingo zote zipigwe grenda mpaka ziviringe. Bampa la chuma halibonyei kama la plastiki, kwa hiyo shangazi ana haki kabisa. Na mjini mwendo upungue.

Shangazi Hajati, 18:20
Mkimaliza pitisha leso kwenye kona zote. Ikinasa uzi, itamnasa na mtoto.

Jumatatu

Kaka Mkubwa, 16:47
Tumetoboa matundu ya maji chini ili tope lisikae ndani, tumepiga praima na rangi nyeusi. Nafasi ya hewa ya rejeta imebaki wazi. Leo tulifunga lori la jirani kwenye sikio moja, baadaye la pili, breki za gari zimeshikwa, likavuta polepole. Juu ya waya tulilaza magunia yenye mchanga, na watu wote nikawasimamisha mbali, nyuma ya ukuta wa msikiti. Kila bolti nilikuwa nimeipaka mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Hakuna mstari hata mmoja uliosogea.

Shemeji Fundi, 16:50
Alhamdulillah. Baada ya kilomita 500 tazama tena hiyo mistari.

Shangazi Hajati, 16:58
Na leso?

Kaka Mkubwa, 17:03
Kona ya kulia ilinasa mara ya kwanza. Dogo akarudia grenda na rangi. Sasa hivi nimepitisha leso ya Mama mara nne, kote.
[Picha]

Shangazi Hajati, 17:05
Nimeiona. Nenda salama Kaabong.