Naomba ushauri: nyuso zinatoka nyeusi ukumbini, na sokoni mama kanikatalia picha

Mwanagenzi wa Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina miezi minne tangu ninunue kamera, Canon 600D iliyokwishatumika na lenzi yake ya 18-55. Nimekwama mahali pawili, na Jumamosi ijayo mdogo wangu wa kike anaolewa. Mpiga picha wa kulipwa yupo, mimi nimeombwa niongezee za familia.

La kwanza, harusi iliyopita picha za ukumbini ziliharibika. Gauni la bibi harusi limekuwa la kijivu, na uso wa mama mkubwa aliyekaa nyuma yake umemezwa na giza, macho huyaoni. Nyingine zimetikisika. Mama aliniomba nimsafishie ile ya dada yake, nikakosa la kumwambia.

La pili, juzi soko la samaki nilimkuta mama mmoja anaparua magamba, jua limepenya kwenye upenyo wa bati likamwangukia mikononi. Nikainua kamera. Akavuta kanga akajifunika uso, kisu bado kiko mkononi, akasema: "Mwanangu, hata salamu?" Picha nimeifuta, lakini mpaka leo inanikereketa. Swali langu: nikiomba ruhusa kwanza, si watu watajipanga na ule uhalisia utapotea?

Fundi Fleshi
Mkuu, kamera haijui kwamba gauni ni jeupe. Kipima mwanga chake kimeundwa kuchukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani. Weupe ukijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga: gauni linafifia, na ngozi zetu zinazama kabisa. Toka kwenye otomatiki ya kijani, nenda Av, ambako wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Shikilia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha gurudumu hadi +1. Piga, kisha kuza picha kwenye kioo uangalie uso. Bado una giza? Ongeza kidogo. Weka na RAW, yaani faili ghafi la picha, itakuokoa ukikosea.

Kutikisika kunatokana na lenzi. Hiyo yako ukiivuta hadi 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Azima lenzi ya 50mm ya f/1.8: inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ila kwa f/1.8 ukipiga watu wawili, mmoja akiwa nyuma kidogo, atatoka na ukungu. Kwa vikundi rudi f/2.8 au f/4. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiiogope, 1600 mpaka 3200 ni sawa. Chengachenga watu watazivumilia, uso uliotikisika hauna dawa. Kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, isishuke chini ya 1/100 ya sekunde. Na ukiona michirizi ya giza kwenye picha, ni taa za LED: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Baki kwenye 1/100 hiyohiyo, michirizi itapungua sana.

Binti wa Pangani
Kaka, mimi hupiga upande wa wanawake. Ukifika, mtafute mpiga picha wa kulipwa umsalimie, umuulize atasimama wapi wakati wa kuvishana pete. Hapo mpishe kabisa, na fleshi yako uizime. Yeye hana nafasi ya kurudia.

Kama kuna sherehe ya wanawake peke yao, usiingie na kamera hata kama ni mdogo wako. Humo watu wamevua mabaibui, wengine wameacha nywele wazi. Mimi mwenyewe sitoki ukumbini kabla sijamkabidhi mama wa bibi harusi kadi ya kamera yenye picha mkononi. Nakala sibaki nayo. Na tafadhali, usirushe picha mtandaoni kabla maharusi hawajaziona na kukubali.

Mzee wa Filamu
Kijana, kujipanga ni kwa dakika ya kwanza tu. Toa shikamoo, nunua samaki, kaa. Mtu ana kazi yake, atairudia, na wewe utakuwa umeshakubaliwa. Hilo la uhalisia kupotea mimi silikubali. Tazama picha za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930. Waliokaa mbele yake studio walijua wanapigwa picha, na bado wanakutazama hadi leo. Ukipata picha nzuri, isafishe, mpelekee mwenyewe. Kwa wapiga picha wengi ahadi hiyo huishia hewani, ndiyo maana watu wamechoka nasi.

Mwanagenzi wa Tanga
Nashukuru sana wote. Nimejaribu +1 kwa baba akiwa na kanzu nyeupe sebuleni, kwa mara ya kwanza naona mikunjo ya macho yake. Asubuhi nimerudi sokoni, nikasalimia, nikanunua changu wawili. Mama kanitazama, kasema uso hapana, mikono piga. Nimepiga sita.

Swali dogo: ukumbi una kiyoyozi, na nje tutapiga za bustanini. Lenzi haitaingia ukungu?

Fundi Fleshi
Itaingia, Tanga hiyo. Kabla hujatoka, funga kamera ndani ya begi, iache nje nusu saa bila kufungua. Usiipanguse kwa shati.