EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) ya nchi nane: mchuuzi anafaidika nini hasa?

Mchuuzi_Namanga: Wakuu nielimisheni. 1999 tulisaini watatu, leo tupo nane, Kongo kaingia 2022, Somalia naye akafuata. Mimi navusha vitunguu, mzigo ukiwa chini ya dola 2,000 napata cheti cha uasilia (kwamba mzigo umetoka ndani ya jumuiya) palepale mpakani Namanga, ushuru wa forodha hakuna, safi, ila vibali vingine kila wiki kinazuka kipya. Sasa tunaongeza wanachama ili iweje? Na hao majirani Wakenya bila vitunguu vyetu sijui sukuma wiki wangekaangia nini 😂

KitengelaBoy: Ati nini?? Wee boss chunga mdomo. Nyinyi Watanzania ndio mlichoma vifaranga vyetu 2017, elfu sita na kitu, vikiwa hai, hapo hapo Namanga kwako.

Binti_Korogwe: Sababu ilitolewa, mafua ya ndege. Na nyie Wakenya Machi 2021 mlipozuia mahindi yetu na ya Uganda mkisema yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, malori yakalala mpakani, ikawaje baada ya siku chache yakaruhusiwa? Sumu iliyeyuka?

KitengelaBoy: Sumukuvu inaua ini dada, usiilinganishe na kifaranga. Na yaliruhusiwa kwa masharti, soma.

Mwl_Kagera: Jamani mada ni wanachama. Michango ya Arusha, makao makuu ya EAC, kwa miaka mingi ilikuwa sawa kwa sawa, mwenye nacho na asiye nacho, halafu wengine hawalipi, bunge na mahakama vya jumuiya vinakaa vinasubiri hela. Hapo ndo pa kujadili

Binti_Korogwe: Mwalimu subiri kwanza, huyu kaniambia nisome.

Shiku_Loitoktok: Si mseme pia ya Tanzania Julai 2025, kazi 15 mgeni haruhusiwi, saluni, kutengeneza simu, hadi uwakala wa kutuma pesa. Soko la pamoja gani hilo bana

Jembe_Halisi: Tulilinda wamachinga wetu, tatizo liko wapi? Nenda wewe soko la Gikomba Nairobi na lafudhi yangu uombe kibanda uone

Mutoto_wa_Goma: Ninyi munapigania kuku. Sisi jeshi la EAC lilikuya 2022, likarudi 2023, waasi wa M23 bado wako, na Kigali na Kinshasa wote ni wanachama. Hiyo jumuiya ya namna gani?

Jembe_Halisi: Pole ndugu. Ila hayo ya vita yafungulie uzi wake

KitengelaBoy: Na vifaranga vililipwa? Hapo hamjanijibu.