Naomba ushauri: kugombea udiwani Ufaransa nikiwa mwajiriwa wa mji

Habarini ndugu zangu. Nina uraia wa Ufaransa, naishi kwenye mji wa watu wasiofika 1,000. Majirani wameniomba niingie kwenye orodha yao ya wagombea udiwani kwa uchaguzi wa Machi 2026. Tangu sheria ya 2025, hata miji midogo hupiga kura kwa orodha, mwanamke na mwanamume wakipishana, kisha madiwani ndio humchagua meya. Natamani sana kushiriki.

Tatizo, mimi ni mpishi wa kantini ya shule, naajiriwa na mji wenyewe, na mwajiriwa wa mji haruhusiwi kuwa diwani wake. Ofisini kwa meya wamenielekeza kwa prefekti (mwakilishi wa serikali kuu katika eneo letu), sijajibiwa bado.

Je, nikiacha kazi kabla ya siku ya kura inatosha? Na likizo bila malipo inakubalika?