Jongo limeamka usiku: alopurinoli au diklofenaki?

Kijana wa Mzee
Wakuu, mzee wa miaka 56 ameamka saa nane usiku, kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, cha moto, ngozi inang'aa, hata shuka halivumiliki. Jongo (gauti, ugonjwa wa viungo) alithibitishiwa mwaka jana. Anameza HCTZ (haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza) 25 mg ya presha. Figo zilipimwa mwezi uliopita, ziko sawa. Vidonda vya tumbo hana. Duka la dawa wamempa alopurinoli 300 mg aanze leo. Nyumbani ipo diklofenaki, ya maumivu. Ipi?

Zamu ya Usiku
Alopurinoli iweke kabatini. Inashusha asidi ya yuriki ya damu (ndiyo inayojenga fuwele viungoni), haitulizi maumivu, na kuianza kwa 300 mg bila dawa ya kukinga jongo lisiwake huchokoza fuwele zilizo kwenye kiungo, jongo likachukua wiki badala ya siku. (Aliyekuwa anaimeza tangu zamani asiiache, huyu hajaianza.)

Kwa mwenye presha ningetanguliza kolchisini, dawa ya kutuliza jongo, si diklofenaki, ambayo hupandisha presha na kuelemea figo, hasa ikikutana na dawa ya kukojoza. Vidonge vya 0.5 mg: viwili kwa pamoja, kimoja baada ya saa moja, basi kwa leo. Saa 12 baadaye, kimoja asubuhi na kimoja jioni mpaka itulie. Iwahi ndani ya saa 24. Ikichelewa, nguvu yake hupungua sana. Ule ushauri wa zamani wa "meza kila saa mpaka uharishe" ni hatari: kuharisha ndiyo dalili kwamba dozi imezidi. Kama anatumia klarithromaisini au dawa ya fangasi kama itrakonazoli, asiiguse kabla ya kuonana na daktari.

Kolchisini ikikosekana, daktari anaweza kumwandikia prednisoloni (steroidi) 30 mg asubuhi kwa siku 5. Mwenye kisukari apime sukari kila siku, itapanda.

Bandeji
Mguu uwe juu ya mito miwili. Barafu ndani ya taulo, dakika 20, kisha pumzisha, rudia. Msimchue wala kumkanda maji ya moto. Shuka likimsumbua, chukua boksi la kartoni, kata upande mmoja, mguu uingie humo, shuka lipite juu ya boksi.

Kijana wa Mzee
Asante. Ila asubuhi yuriki imetoka 5.8 mg/dL, mhudumu akasema basi hili si jongo.

Zamu ya Usiku
Jongo likiwaka, yuriki ya damu huweza kushuka hadi kiwango cha kawaida. Rudieni wiki 2 hadi 4 baada ya kupona. Cha kuogopa ni homa, kutetemeka, au kidonda karibu na kiungo: hapo hospitali leo hii, wavute majimaji ya kiungo wapime, maana usaha kwenye kiungo hufanana kabisa na jongo.

Akishapoa, alopurinoli ianze 100 mg, iongezwe 100 kila wiki 4 mpaka yuriki ishuke chini ya 6, huku akimeza kolchisini 0.5 mg kwa siku miezi 3 hadi 6. Akitoka vipele aiache na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Muulizeni daktari kuhusu kubadili HCTZ, maana inapandisha yuriki. Losartani, nayo ya presha, huishusha kidogo.

Bandeji
Na maharage mwacheni ale. Bia, maini, figo na dagaa ndivyo vya kupunguza.