Mjadala: Je, majiji yetu ya Uganda yalazimike kufungua data zao?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, mniwie radhi kwa urefu. Sisi wakazi wachache wa moja ya manispaa zilizopandishwa kuwa majiji mwaka 2020 tunazungusha barua ya saini. Tunataka baraza lipitishe azimio la data huria, yaani hesabu na orodha za jiji ziwekwe wazi, bure, katika majedwali ambayo kompyuta inayasoma, na yeyote ayatumie bila kuomba kibali. Picha ya karatasi yenye mhuri haitusaidii. Picha huwezi kuijumlisha.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo kweli. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Lakini hiyo ni haki ya kuomba. Unaomba, unangoja, unajibiwa peke yako, na jirani yako kesho anaanza upya. Sisi tunataka jiji litoe kabla halijaombwa.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Fedha zinazotoka serikali kuu afadhali: Wizara ya Fedha ina tovuti ya bajeti tangu 2013, unaingia unaangalia. Ila ushuru wa soko, leseni za biashara, ada za paki ya teksi, hizo unazikuta kwenye makadirio kama jumla kwa kila aina. Soko lipi lilitoa ngapi, mwezi gani? Kimya. Shilingi iliyotoka mifukoni mwetu ndiyo tusiyojua iendako.

Boda, Lira: Nani atasoma hayo majedwali? Bando lenyewe nanunua la siku.

Mwalimu, Soroti: Kaka, si lazima usome wewe. Wa rika langu tunakumbuka ruzuku za shule. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha za matumizi ambazo serikali kuu ilizitoa kwa kila mwanafunzi. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila wilaya imepelekewa kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani walichopokea. Kufikia 2001 zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Mzazi hakuhitaji kompyuta. Alihitaji mtu mmoja wa kumsomea ukuta.

Karani mstaafu, Jinja: Mwalimu, takwimu zako ni sahihi, hitimisho lako linakimbia. Katika miaka hiyohiyo elimu ya msingi kwa wote ilianza, 1997, macho ya nchi nzima yakahamia shuleni. Wafadhili walibana, na taratibu za kutuma fedha zilibadilishwa. Gazeti lilisaidia, ila halikufanya kazi peke yake.

Na niwaambie kinachotokea ofisini, maana nyote mnaandika kama watu ambao hawajawahi kushika leja. Mkusanyaji anarudi jioni na vitabu vya stakabadhi. Kimoja kimelowa, kingine kina kurasa zilizorukwa. Anayevijumlisha ndiye huyohuyo anayeandaa mishahara na kujibu wakaguzi. Mkimlazimisha atoe jedwali kila mwezi, atatoa, ila atatoa la kubuni. Kwanza rekebisheni chumba cha leja.

Mwanzisha mada: Mzee, shikamoo. Chumba cha leja tunaambiwa kitarekebishwa tangu niko shule. Jedwali la kubuni likitoka hadharani, wachuuzi wenye stakabadhi zao watalikamata wiki hiyohiyo. Likibaki kabatini, nani atalikamata?

Mama wa nguo, sokoni Gulu: Mimi naogopa upande wa pili. Mkifungua orodha ya vibanda, mnafungua na majina yetu, simu zetu, nani anadaiwa. Madalali watakuwa wa kwanza kusoma. Kibanda chenye deni ndicho wanachokitafuta.

Mwanafunzi wa sheria, Kampala: Mama, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi. Jiji litoe namba ya kibanda bila jina.

Mama wa nguo, sokoni Gulu: Mwanangu, safu yetu ina vibanda sita. Ukiandika namba nne ina deni, soko zima linajua ni nani.

Mkazi wa Mbale: Mmezama kwenye fedha tu. Huku mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mwishoni mwa Julai 2022, watu zaidi ya 20 wakafa. Mimi nataka ramani: mifereji iko wapi, ipi imezibuliwa lini, vibali vya ujenzi kandokando ya mto vilitolewa kwa viwanja vipi. Dar es Salaam walifanya sehemu ya kazi hiyo kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika, ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuihariri. Wenye nyumba watapinga, watasema bei ya viwanja itashuka. Ishuke.

Mfanyabiashara, Busia: Msiwasahau jirani zangu ng'ambo ya mpaka. Kenya ilizindua tovuti yake ya data huria Julai 2011, kwa shangwe, rais mwenyewe akiwepo. Baadaye majedwali mengi yakabaki na takwimu za zamani. Kuzindua ni siku moja. Azimio lenu linasema ni cheo kipi kitawajibika jedwali likichelewa?

Mwanzisha mada: Halisemi, na hilo tutaliingiza. Mzee wa Jinja nimekuelewa pia: tutaanza na jedwali moja tu, ushuru kwa kila soko kwa kila mwezi, libandikwe na langoni. Ramani ya mifereji ifuate, kwa sababu haina siri ya mtu. Majina na simu hazitatoka.

Karani mstaafu, Jinja: Marahaba. Jedwali moja linawezekana. Andikeni pia kwamba karani akikosea kwa nia njema arekebishe hadharani bila kufukuzwa, la sivyo ataficha.

Mama wa nguo, sokoni Gulu: Madeni ya vibanda mmeyaacha hewani. Barua ikifika kwetu na haisemi kwamba yatatolewa kwa jumla ya soko zima tu, mimi sitii saini.