Nyanya za kwenye ndoo zinaoza kitako

Wakuu, nyanya zangu kwenye ndoo za lita 20 zinatoa doa jeusi kavu kitakoni zikiwa bado mbichi. Majani safi kabisa. Nipige dawa gani?

— Usipige dawa, mkuu, huo si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu kwa sababu udongo unakauka kabisa, kisha unafurika. Chomeka kidole sentimita 5. Pakiwa pakavu, mwagilia taratibu hadi maji yatoke chini. Juu tandaza nyasi kavu.

— Kama unaweka mbolea ya urea, nayo simamisha! Inakuza majani tu, na amonia yake inazuia mizizi kufyonza kalsiamu.

— Je, nikiweka maganda ya mayai ili kuongeza kalsiamu?

— Yanaoza polepole mno. Yasage uchanganye na udongo kabla ya kupanda. Nyanya zenye doa zichume, haziponi.