Mkanda wa harusi ya wazazi, nahamisha mwenyewe kwenda DVD, picha inarukaruka. Msaada wakuu

Mwana wa Ngamiani
Wakuu heshima kwenu. Nina mkanda wa deki, VHS, harusi ya wazazi wangu Tanga mwaka 1991. Mzee alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, mama yupo. Wadogo zangu wanataka kila mmoja awe na DVD yake kabla ya Idi, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo zigo limeniangukia.

Nimenunua deki kuukuu 80,000 na kale kadude ka USB ka kuunganisha na kompyuta 35,000. Nimechomeka njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Sauti inakuja safi kabisa, ila picha haina rangi na inaruka kama mtu mwenye degedege. Halafu katikati kuna mahali panapiga chenga na picha inabadilika. Nielekezeni. Kwa fundi sipeleki, naomba tusifike huko.

Kuku Mgeni
Nimewahi siti ya dirishani.

Fundi Bisibisi
Mkuu, rangi ni kitu kidogo. Ingia kwenye mipangilio ya programu, utakuta imekaa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani. Huku kwetu ni PAL. Badilisha, rangi itarudi palepale.

Ikiendelea kuruka, gusa kwanza vitufe vya trakingi, vile vya kutuliza picha kwenye deki. Ikigoma, hedi chafu, yaani kile kinachosoma picha kwenye utepe. Chomoa deki kwenye umeme, fungua mfuniko, utaona ngoma inayong'aa kama sufuria mpya. Karatasi nyeupe iloweshe spiriti safi, ishike itulie pembeni ya ngoma, halafu zungusha ngoma kwa mkono taratibu. Usisugue juu na chini, utang'oa hedi. Pamba usilete kabisa, nyuzi zake zinanasa.

Na kabla ya yote angalia kidirisha cha mkanda. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Pwani mikanda mingi imekufa hivyo. Usiuchezeshe, utachafua deki na kila mkanda utakaofuata.

Mama Wawili
Mmenikumbusha harusi yangu jamani. Mpiga picha alilipwa kila kitu, mkanda wenyewe saa nzima ni sufuria za pilau na mjomba wangu anakula. Mimi bibi harusi naonekana mgongo. Kila mgeni akija mume wangu alikuwa anauweka, mpaka deki ikautafuna mwaka 2003. Nilijifanya nimehuzunika.

Mzee wa Busara
Kijana, mambo ya kitaalamu waachie wataalamu. Fundi anakufanyia siku moja, wewe ukale Idi kwa amani. Hiki kizazi kila kitu anataka afanye mwenyewe, mwisho anaharibu urithi wa familia.

Mwana wa Ngamiani
Fundi Bisibisi ubarikiwe, ilikuwa NTSC kweli. Rangi imerudi, gauni la mama kumbe lilikuwa na maua ya waridi, miaka yote nilijua ni jeupe. Ukungu hakuna.

Mzee wa Busara, shikamoo. Nimesema kwa fundi hapana.

Fundi Bisibisi
Safi. Sasa hapo katikati unaposema picha inabadilika, inabadilika kuwa nini?

Mwana wa Ngamiani
Ni sehemu tu imerekodiwa juu. Nilitaka kuuliza pia: kuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha kilichokuwepo chini?

Fundi Bisibisi
Hakuna. Deki ikirekodi, utepe unapita kwanza kwenye hedi ya kufuta, inafagia upana wote, ndipo picha mpya inaandikwa. Si kama ukuta uliopakwa rangi ukasema ukikwangua utaikuta ya zamani.

Jicho Kavu
Mleta mada unatuzungusha. Juu pamerekodiwa nini? Mpira?

Mwana wa Ngamiani
Haya. Shangazi amekata keki, ameishika kwa vidole viwili, anampelekea mama mdomoni. Mama amefumba macho. Keki haijafika, mistari miwili ya chenga inapita, na anayetokea ni mzee, suti ya rangi ya udongo, amekaa kwenye kochi na mwanamke mwingine aliyepakwa hina. Kona ya chini imeandikwa 14.6.97. Ni dakika 22, halafu inarudi harusi ya mama wageni wakiwa wanaaga.

Mama anajua habari za bi mdogo, walikaa mkeka mmoja msibani. Asichojua ni kwamba mzee alirekodi ndoa ile juu ya ya kwake. Deki yetu ilikufa kabla ya mwaka huo, kwa hiyo tangu hapo hajauona mkanda. Ndiyo maana fundi sitaki, fundi wa mtaani kwetu anasali na wajomba zangu.

Nimeshaamua, nakata zile dakika 22, naziba kwa picha za albamu na taarabu kidogo. Nilichokuwa nataka ni ushauri wa kuunganisha tu.

Kuku Mgeni
Mzee alikuwa anabana matumizi. Mke mpya, mkanda uleule 😂

Mama Wawili
Nyamaza wewe. Kaka usimfiche mama yako. Sisi wanawake tunajua hata tusichoambiwa.

Mzee wa Busara
Ya marehemu yazikwe na marehemu. Kata.

Jicho Kavu
Nimekaa kimya muda mrefu, sasa nasema: hii chai, tena ya tangawizi. Mkanda wa harusi mpiga picha akimaliza anavunja kale kapembe ka plastiki mgongoni. Kakishavunjwa deki hairekodi, hata ubonyeze mpaka kesho. Mzee alirekodije? Mleta mada rudi ukapange hadithi upya.

Kuku Mgeni
Lete sukari.

Mama Wawili
Mimi nimeshalia hapa, kumbe chai?

Mwana wa Ngamiani
Sina sababu ya kumtungia baba yangu mzazi. Nimeenda kuuangalia mkanda sasa hivi. Kapembe kamevunjwa kweli. Tundu limezibwa kwa selotepu, imekuwa ya njano na imekauka kama ganda la kitunguu.

Fundi Bisibisi
Jicho Kavu, hapo umekwama. Selotepu ndiyo ilikuwa dawa yake, vibanda vyote vya video walifanya hivyo, maana mkanda mpya ulikuwa pesa.

Mleta mada, sikuingilii nyumbani kwako, ila kitu kimoja: hamisha mkanda mzima kwanza, faili lisilokatwa liweke kwenye diski mbili tofauti. Ukishakata na mkanda ukafa, ndiyo basi. Huo ni wa masaa matatu, na DVD moja ya 4.7 GB inabeba kama mawili kwa ubora wa kawaida, hivyo kila nakala itataka diski mbili. Kuhamisha ni muda uleule wa mkanda, masaa matatu ni masaa matatu. Kaa nayo.

Jicho Kavu
Selotepu sawa. Bado nina mashaka na hina.

Mwana wa Ngamiani
Mrejesho. Jumamosi nilisafiri na deki mpaka Tanga, nikangoja mama aende kwa jirani, nikaanza kuhamisha. Nikasahau kwamba masaa matatu ni marefu. Karudi ikiwa ndiyo kwanza hina imeanza. Nilikimbilia kitufe akasema acha.

Aliangalia dakika zote 22 amesimama na kikapu mkononi. Akauchukua mkanda ulipotoka, akaugeuza, akabandua ile selotepu kwa ukucha. "Kumbe ilikuja huku. Niliitafuta wiki nzima, nilikuwa nafunikia madaftari yenu." Basi, kaingia jikoni. Baadaye ananiambia akiwa anachambua mchele kwamba ile keki ilimpalia, na mzee ndiye aliyempiga mgongoni, ukumbi mzima ukacheka. Hiyo ndiyo sehemu iliyofutwa.

Sijakata. Nimemwambia nabani nakala tano, tuko watano. Kasema bani sita, ya sita apelekewe mwenzake.

Fundi Bisibisi
Basi andaa diski 12, na uchome kwa kasi ndogo.

Kuku Mgeni
Mkuu hiyo deki ukimaliza unauza bei gani?